Kisu cha Mkono Mmoja

Mwanajuma Salehe alikuwa mpishi wa shule ya bweni pale Kibaha kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na waliomjua enzi hizo wanasimulia mikono yake kuliko hata chakula chake. Kabeji ngumu aliikata huku anaongea na mtu, macho hayapo kabisa kwenye ubao, na vipande vinatoka vyembamba kama uzi. Alistaafu akiwa mzima. Alipumzika mwaka na kidogo tu, kisha asubuhi moja ya mwezi wa Ramadhani, akiwa anakunja mkeka, mkono wake wa kushoto ukaachia mkeka bila yeye kuuambia uachie. Akautazama. Akajaribu kumwita mwanawe, ulimi ukawa mzito kama umevimba.

Kiharusi hakikumuua. Maneno yalirudi taratibu, mguu ukarudi nusu, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Hospitali walimfundisha mazoezi ya kunyoosha vidole, naye aliyafanya kila siku bila kubisha. Vidole vilinyooka alipovinyoosha, na alipoviachia vikajikunja tena.

Nyumba yao ilikuwa upande wa Picha ya Ndege, nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa kidogo kidogo na bado haijapigwa rangi nje. Aliishi humo na bintiye mmoja, Naila, aliyekuwa ameachana na mumewe na kurudi kwao. Naila alifanya kazi Dar, katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi watu wameshakula. Kabla ya kutoka alisimama jikoni na taa ya simu, nusu amelala, akimkatia mama yake kila kitu ambacho angekihitaji mchana: vitunguu kwenye bakuli, nyanya kwenye bakuli lingine, mkate vipande, kifuko cha unga kimefunguliwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo.

Mtu angejiuliza kwa nini, maana mkono wa kulia wa Mwanajuma ulikuwa mzima na ulikuwa haujasahau kazi. Shida ni kwamba mkono huohuo ndio ulioshika mkongojo. Akitaka kwenda uani kuchuma mchicha, achague: abebe kisu au abebe mkongojo. Kisu kilicho wazi hakitiwi mfukoni na mtu anayeweza kuanguka wakati wowote, na kwapa la kushoto halikuwa na nguvu ya kubana kitu. Siku moja alijaribu kukibeba kwa meno. Jirani yake Tereza, mama wa Kihaya ambaye mumewe ni mtumishi wa mkoa, alimwona kupitia uzio, akapiga ukelele uliomleta hadi mwenye duka la jirani.

"Mama Naila, ukianguka nacho hicho je?"

"Nitakuwa nimeanguka," alijibu Mwanajuma baada ya kukitema kisu kwenye karai. "Kwani bila kisu sianguki?"

Basi kila kitu kikawa cha kuita mtu. Kamba ya kiroba, kifungo cha nailoni, uzi uliofunga shingo ya kuku wa dukani. Tereza alikuja alipoweza, lakini naye alikuwa na nyumba yake na wagonjwa wake wa kuuguza. Mwanajuma alichoka kuita. Alisema baadaye kwamba kulichoka kitu ndani yake ambacho hata siku ile ya kiharusi hakikuwa kimechoka.

Ndiyo maana siku ile hakuita. Kulikuwa na kiroba kipya cha mchele, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mgumu, na Naila alikuwa amesahau kukifungua. Mwanajuma alikaa chini, akakibana kwa magoti, akauma uzi. Kilichokatika kikawa jino. Naila aliporudi jioni alimkuta mama yake amekaa palepale sakafuni, kitambaa mdomoni, kiroba bado kimefungwa, na chakula cha mchana hakijapikwa.

Naila alivua viatu, akakaa chini karibu yake, wote wawili wameegemea ukuta. Kisha akasema, "Mama, nitakutafutia kisu cha kukunja. Ukitie mfukoni."

"Dera halina mfuko."

"Nitashona mfuko."

Kisu cha kwanza alikinunua kwa machinga mjini. Kilikuwa chekundu, kizuri, kimejaa vitu: kisu kikubwa, kisu kidogo, mkasi, kifungulio cha chupa, kitu kama msumari uliopindwa ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Mwanajuma alikifurahia. Aliketi nacho kwenye ngazi ya mlango wa nyuma siku nzima akijaribu kukifungua. Kila kisu humo ndani kilikuwa na kijishimo kidogo cha kuingiza ukucha wa mkono mmoja, huku mkono mwingine umeshika mpini. Alijaribu kukibana kwa magoti, kikateleza. Alijaribu kukibana kwenye bawaba ya mlango, ukucha ukang'oka nusu. Alipofanikiwa kukitoa kisu kikubwa kwa meno yaliyobaki, alikata nacho kipande cha mkate, akakiri kwamba makali yapo. Kisha akashindwa kukifunga. Naila alikikuta kiko wazi juu ya meza, kama alivyokikuta kila siku iliyofuata, hadi wakakubaliana bila kusema kwamba hicho hakifai.

Cha pili kilikuwa cha kubonyeza. Unabonyeza kitufe, kisu kinaruka chenyewe na kusimama. Naila alikijaribu mbele ya duka kabla ya kukinunua, akaona hili ndilo jibu. Na kweli kwa siku kadhaa lilikuwa jibu. Mwanajuma alikata kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa imelegea muda mrefu. Alifungua kifuko cha unga. Alimenya chungwa kwa kulibana kati ya mapaja, juu ya kanga chakavu, na akamwita Tereza aje amwone, safari hii bila kuwa na shida yoyote.

"Angalia," alisema. "Angalia hapa."

Kisha akataka kukata sabuni ya mche. Aliiweka juu ya sakafu ya bafu la nje, akazamisha kisu katikati, akakandamiza. Sabuni ilikuwa kavu. Ncha ilikwama, akazungusha kiganja kidogo ili kuitoa, na kisu kikajikunja. Kilijikunja chenyewe, kwa uzito wa mkono wake mwenyewe, juu ya kidole chake cha shahada na cha kati.

Zahanati walishona vidole vyote viwili na kuvifunga pamoja kwa bandeji nene. Daktari alisema asilowanishe, asishike kitu. Alisema hivyo kwa upole, akimtazama usoni, na ndipo akauona mkono wa kushoto.

"Anakaa na nani?" akamuuliza Naila.

"Na mimi."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za kiharusi. Wakati wa kiharusi kulikuwa na hofu, na ndugu walijaa nyumbani, na kila mtu alikuwa na la kufanya. Sasa hapakuwa na hofu. Palikuwa na mtu mzima asiyeweza kushika kijiko, kushika mkongojo, wala kujistiri chooni. Naila aliomba ruhusa kazini, akapewa kwa shingo upande. Alimlisha mama yake, akamwogesha, akamchana nywele, na walipomaliza kila mmoja alitazama upande wake. Walikuwa hawagombani. Ilikuwa bora wangegombana.

Siku waliyogombana ni Naila aliyeanza. Mwanajuma alikuwa amesema tu kwamba bandeji ikitoka atajaribu kisu kingine, chenye shingo imara zaidi.

"Kisu kingine?" Naila alikuwa ameshika sahani ya uji. Aliiweka chini. "Mama, mimi nimechoka. Nimechoka na visu. Kaa tu. Nitakukatia mimi, nimekukatia siku zote."

"Hata mimi nimechoka."

"Wewe umechoka na nini? Unakaa!"

Alipokwisha kusema aliona alichokisema, akafunika mdomo kwa mkono. Mwanajuma hakukasirika. Alikuwa akitazama uani, ambako mchicha ulikuwa umekomaa na kutoa mbegu kwa kukosa mtu wa kuuchuma.

"Ndicho hicho kinachonichosha," alisema. "Nipeleke Vihingo kwa mjomba wako. Upumzike kidogo."

Kitwana alikuwa mdogo wake Mwanajuma, amebaki kwenye shamba la wazazi wao huko Vihingo, wilaya ya Kisarawe, akilima mihogo na kutunza mikorosho ambayo sehemu ilipandwa na baba yao. Aliishi na mkewe Sikudhani, mwanamke mpole mwenye sauti kubwa. Waliwapokea wageni wao barabarani, Kitwana akambeba dada yake kutoka kwenye gari hadi kwenye baraza kana kwamba ni kiroba cha mihogo mikavu, akicheka ili asilie.

"Dada, umekuwa mwepesi."

"Nimekuwa mwepesi wapi? Wewe hujafika Kibaha mwaka mzima, umesahau uzito wangu."

Naila alilala huko usiku mmoja, akarudi kazini. Mwanajuma akabaki.

Huko hakukosa kitu. Sikudhani alimtandikia kitanda karibu na dirisha. Majirani, wengi wao ndugu wa mbali, walikuja kumpa pole, wakamkuta amekaa, wakamwacha amekaa. Akiinua shingo tu mtu anauliza, "Unataka nini, dada?" Bandeji ilipotolewa na vidole vikaanza kukunjika, aliomba apewe hata kazi ya kuchagua mchele. Sikudhani akasema kwa sauti yake kubwa, "Mgonjwa gani anachagua mchele kwangu? Watu waseme nini?" Akauchagua mwenyewe.

Mwanajuma alisema hajawahi kuchoka kama alivyochoka kwenye kile kitanda cha dirishani. Jioni zilikuwa ndefu, na mchana ulikuwa mrefu zaidi. Alisikia visu vya wenzake nje, vikimenya mihogo, vikigonga karai, na mkono wake wa kulia ukawa unajitikisa wenyewe kwenye shuka.

Siku ya soko Kitwana na mkewe walitoka wote wawili. Kwenye kibaraza cha jikoni kulikuwa na rundo la mihogo ya kumenya na kisu cha Sikudhani, kisu kifupi kilichonolewa hadi kikabaki chembamba. Mwanajuma alitoka na mkongojo wake, polepole, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Aliuweka muhogo chini, akaukanyaga kwa mguu wake mzima, akaanza. Ulitoka mbaya. Ganda lilitoka na nyama. Muhogo ulizunguka chini ya kisigino, akausimamisha tena, akauanza upya. Jasho lilimtoka kama analima.

Kitwana alirudi kabla ya mkewe. Alisimama kwenye kona ya nyumba na baiskeli yake. Baadaye alimweleza Naila kwamba mguu wake mmoja ulishaanza kwenda kumnyang'anya dada yake kile kisu, na hajui kwa nini haukufika. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akaja, akaketi chini kando yake, akachukua muhogo wake mwenyewe. Wakamenya. Yeye alimaliza mitano dada yake akiwa na mmoja.

"Shida si kisu," alisema Mwanajuma hatimaye. Alikuwa anahema. "Kisu hiki kinakata. Shida kitu kinakimbia."

"Kinakimbia?"

"Hakina mtu wa kukishika." Alijipapasa chini, akagusa meno ya ile mbuzi aliyoikalia. "Hii wewe unaijua, kisu chake hakiendi popote. Nazi ndiyo inayosogea. Sasa mimi nataka kinyume chake. Kitunguu kisiende popote."

Kitwana hakuwa fundi, lakini hakuna mkulima asiye na nyundo. Alitafuta kipande cha ubao wa mninga kilichobaki kwenye mlango, akapigilia misumari mirefu miwili kutokea chini, ncha zikatokeza juu. Kwenye kona akapigilia vijiti viwili vya kuzuia. Mwanajuma alichomeka kitunguu kwenye misumari. Kikatulia. Akakikata. Vipande vilikuwa vinene, na machozi yalimtoka, na Sikudhani aliyekuwa amerudi na mzigo wake wa soko alisimama akitazama kwa muda bila kupaza sauti.

"Basi nyanya nazo utakata wewe," alisema. "Mimi nimechoka na jua."

Ubao ulitibu jikoni. Haukutibu uani, wala kamba, wala viroba, wala zile shughuli ndogo za kutwa zinazomkuta mtu akiwa amesimama na mkongojo. Bado alikihitaji kitu cha mfukoni. Kwa hiyo Naila alipokuja kumchukua Jumamosi moja, Mwanajuma alikuwa amejiandaa. Alikuwa na kikapu, na ndani yake kitunguu, nyanya mbili zilizoiva sana, kipande cha kamba ya katani, kipande cha boksi, kipande cha sabuni ya mche, na kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo.

"Tutashuka Mlandizi," alisema.

Naila alikuwa ametoka kazini Ijumaa amechelewa, amelala kidogo, na safari ya vumbi ilikuwa imemmaliza. "Mama, tunashuka kufanya nini?"

"Kununua kisu. Safari hii nanunua mwenyewe."

Naila alifumba macho, akayafumbua. Hakubisha.

Mlandizi ilikuwa imejaa, kama kawaida yake mwisho wa wiki: mabasi ya Morogoro yakipakia, bodaboda wakiita, mafungu ya mboga za Ruvu yametandazwa hadi ukingoni mwa barabara. Kijana aliyeitwa Dulla alikuwa na meza ya kufuli, tochi, vikata kucha na visu vya kukunja, vyote vimepangwa juu ya kitambaa cheusi. Mwanajuma aliomba benchi, akaketi, akaweka kikapu miguuni.

"Shikamoo, mama," alisema Dulla. "Karibu. Chukua hiki, hiki ndicho kinachopendwa."

"Marahaba. Sitaki kinachopendwa. Nipe vyote nivijaribu."

"Kuvijaribu vipi?"

Mwanajuma alitoa nyanya.

Dulla alicheka, kisha akaona hamna aliyecheka naye. "Aisee bi mkubwa, ukikata nyanya na kisu changu nani atakinunua tena?"

"Nitakiosha. Na kimoja nitaondoka nacho, nakuahidi mbele ya huyu mwanangu."

Alianza na kile kilichopendwa, chenye mpini wa rangi ya mti. Alikisukuma kwa kidole gumba, hakikufunguka. Akakirudisha. Cha pili kilikuwa kikubwa cheusi, nusu ya makali yake ina meno kama msumeno. Kilifunguka vizuri, kikala kamba ya katani kwa mara moja, hata Dulla akatikisa kichwa kwa fahari. Lakini kwenye nyanya kilichana tu, maji yakammwagikia kwenye dera. "Hiki cha bustani," alisema, "si cha chakula." Cha tatu kilikuwa chembamba, kizuri machoni. Nyanya ya pili ilifunguka chini yake kama imekatwa na wembe. Akakitia kwenye sabuni, kikapinda. Aliutazama ule mpindo kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyependa kitu kisichofaa.

Watu wawili watatu walisimama kutazama. Mmoja alimpa Mwanajuma ushauri, akashukuriwa, akaendelea kutoa ushauri. Dulla alitaka kusema kitu, akageuka upande wa pili wa benchi, akapunguza sauti.

"Mama, mwanao amelala."

Naila alikuwa amelala akiwa ameketi, kichwa kimeegemea nguzo ya kibanda, mkoba umekumbatiwa kifuani, mdomo wazi kidogo. Jua lilikuwa linampiga usoni, na hakulihisi.

"Mwache," alisema Mwanajuma. "Nisogezee mwavuli wako huo."

Dulla alisogeza mwavuli wa meza yake hadi kivuli kikamfikia Naila. Tangu hapo hakulalamika tena juu ya nyanya. Alianza yeye mwenyewe kuchagua, akiinama chini ya meza na kutoa vingine ambavyo hakuwa amevipanga.

Kisu alichoondoka nacho kilikuwa kibaya kwa sura. Mpini wake ulikuwa wa plastiki ya kijani, kisu chenyewe kifupi, na ubavuni kilikuwa na kinundu kidogo cha chuma ambacho kidole gumba kinaweza kukisukuma. Kikifunguka, kibati ndani ya mpini kilihama na kukizuia kwa nyuma. Mwanajuma alikifungua, akakikata kitunguu, akakikata kipande cha boksi kwa urefu, akakata kamba polepole, fundo la kifuko likaachia. Halafu akakigeuza, akaukandamiza mgongo wa kisu kwenye benchi kwa nguvu zake zote.

"Eh! Unataka kukivunja?"

"Kikiwa cha kujikunja, kijikunje hapa hapa mbele yako. Kisinifuate nyumbani."

Hakikujikunja. Akaingia kwenye sabuni, akazungusha kiganja kama alivyozungusha siku ile, na wakati anazungusha alikuwa amefumba macho. Sabuni ilikatika. Kukifunga ndiko kulikomchelewesha: ilibidi akiegemeze pajani, abonyeze kibati kwa gumba, na kukunja taratibu huku vidole vilivyoshonwa vimeondolewa njiani. Alikosea mara kadhaa. Alipoweza, alirudia mpaka gumba likaanza kumuuma, na Dulla alishauza tochi kwa mteja mwingine akarudi akamkuta bado anarudia.

Wakapatana. Mwanajuma akaviosha visu vyote alivyovichafua kwa maji ya chupa ya Dulla, akavifuta kwa kanga, isipokuwa kile kilichopinda, ambacho Dulla alikitupa mwenyewe chini ya meza akisema hata hivyo kilikuwa kinamrudishia wateja wenye hasira. Ndipo akamgusa Naila begani kwa mkongojo.

"Twende, mwanangu. Kumekucha."

Naila aliamka akiwa haelewi yuko wapi.

Sitasema kwamba maisha yao yaligeuka. Mkono wa kushoto haujarudi hadi leo. Kisu cha kijani kinaingia uchafu kwenye kiungo, na kukiosha vizuri kwa mkono mmoja ni shughuli ya asubuhi nzima. Makali yanaisha haraka. Mwanajuma anakinoa kwenye ukingo wa ngazi ya saruji, akiwa amekaa, na siku nyingine hana nguvu ya kunoa, basi anakata na butu. Mkate laini bado unamshinda. Kuku mzima bado ni wa Tereza. Naila aliomba kazi ofisi moja ya hapo hapo Kibaha ili aache kwenda Dar, hakuipata, na bado anatoka kabla ya adhana. Tofauti ni kwamba sasa analala hadi dakika za mwisho, maana mabakuli hayamsubiri tena jikoni.

Tereza ndiye aliyeshona mfuko kwenye madera yote, upande wa kulia, mfuko wa kina wenye kifungo. Mwanajuma akishuka uani anashuka na mkongojo tu. Akifika kwenye tuta anaketi kwenye kindoo kilichogeuzwa, anaulaza mkongojo chini, anatia mkono mfukoni. Mchicha anauchuma mwenyewe. Kuna mchana anachuma kidogo, anafunga kisu, na anabaki amekaa juu ya kile kindoo kwa muda mrefu kwa sababu kunyanyuka ni kazi nyingine, na Tereza akipita upande wa pili wa uzio anamwona na anapita bila kumwuliza kama anataka kitu.

Juzi umeme ulikuwa umekatika na Naila alivaa gizagiza. Alikuwa ameshafungua mlango wa mbele, mkoba begani, taa ya simu mkononi, mama yake alipotoka chumbani, sauti ya mkongojo ikimtangulia.

"Simama hapo."

"Mama, nimechelewa."

"Simama. Shati lako lina uzi unaning'inia kwenye mkono."

Mwanajuma aliegemea kizingiti ili asianguke, akauachia mkongojo ukaegemea ukuta, akatoa kisu na kukifungua kwa gumba. Naila aliunyoosha mkono wake na kuutuliza. Uzi ukakatika karibu kabisa na pindo, bila kugusa kitambaa. Mama alikiegemeza kisu pajani, akakifunga taratibu, Naila akingoja, hakumsaidia.

"Haya nenda," alisema Mwanajuma. "Na leo ule kitu mchana. Umekonda."